Picha ya Saa Tano

Niseme ukweli wangu. Kabla sijauogopa moshi, niliupenda. Si ule wa jikoni unaotoa machozi, hapana. Nilipenda ule unaoonekana kutoka juu kabisa, kwenye picha za setilaiti, umejinyoosha juu ya msitu kama kanga iliyomponyoka mtu upepo ukaichukua. Nilikuwa naweza kukaa nauangalia mpaka mteja agonge kaunta.

Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mama aliyakunja vizuri akayaweka chini ya godoro, hakuna mgeni aliyewahi kuonyeshwa. Nikapata kazi kwenye steshenari moja hapa Mpanda mjini. Bosi wangu ni mzee wa Kiislamu, ana duka la mazulia na ndoo za plastiki upande wa pili wa ukuta, na huku amenikabidhi mimi mashine ya kopi, printa na kompyuta moja. Watu wote wanamwita Alhaji. Mimi ananiita binti, na akikasirika ananiita "mama mkurugenzi".

Siku moja akaja kijana wa misitu kuprinti ramani. Printa ilikuwa inasumbua kama kawaida yake, basi katika kusubiri akafungua tovuti fulani akaniambia, "Njoo uone kwenu."

Nikaona Tanzania. Akaisogeza. Nikaona Ziwa Tanganyika, jembamba, jeusi. Akaisogeza tena mpaka tukafika kwetu, na Mpanda nzima, na soko lake na vumbi lake na kelele zake zote, ilikuwa ndogo kuliko kucha yangu.

"Hivi vidoti vyekundu ni nini?"

"Moto. Kila kidoti ni mahali setilaiti imehisi joto ilipopita. Na huu mkia wa kijivu ni moshi. Ukitaka kujua moshi umetoka wapi, fuata mkia mpaka kwenye kidoti."

"Na hii ya rangi ya chai ya maziwa?"

"Hilo ni vumbi. Vumbi halina kidoti. Linaanzia popote upepo unapotaka." Akachukua ramani zake. "Ila usidhani unaangalia sasa hivi. Picha zinachelewa kama mizigo ya basi. Ya asubuhi utaipata mchana, ya mchana utaipata jioni."

Akaniandikia jina la tovuti nyuma ya risiti, na maisha yangu yakawa mapya. Sitanii. Nilianza kuota mchana kweupe kwamba nimeajiriwa kwenye chumba chenye baridi na vioo vikubwa ukutani, nimevaa suruali ya kitambaa, nanyoosha kidole nasema, "Hapo, pazuieni." Sijui kama kazi hiyo ipo hapa nchini. Lakini nguo nilikuwa nimeshazichagua.

Baba yangu anarina asali. Ndiyo kazi aliyorithi, ana mizinga yake ya magome na ya mbao kwenye msitu ulio mbele ya Sibwesa, na warinaji wenzake wana kundi la simu la kupeana habari za bei na za simba. Nikaomba niingizwe. Nikawa natuma sauti kila jioni: "Wazee wangu, shikamooni. Leo kuna moto upande wa juu wa Mwese, moshi unaelekea magharibi, wa Sibwesa mko salama." Mwanzoni walinijibu kwa heshima tu. Baadaye wakaanza kuniuliza wenyewe. "Binti, leo kwetu vipi?" Dah, mtu aliyefeli hesabu anaulizwa habari za anga!

Aibu nayo niliipata mapema. Mama mkubwa wangu anaishi Usevya, naye yumo kwenye kundi kwa sababu huuza asali ya wazee, na siku moja niliona wingu zito linakwenda kwao kutoka kwenye zile mbuga zilizokauka. Sikutafuta kidoti. Nikatuma, "Usevya moshi mkubwa unawajia, ingizeni vitu ndani." Baada ya masaa mawili sauti ya mama mkubwa ikaingia kwenye kundi, mbele ya wazee wote.

"Wewe mtoto, nimeingiza mpunga ndani. Nimefunga mbuzi. Nimeloweka na blanketi, nimekaa mlangoni nausubiri moto wako. Limekuja vumbi! Hapa nilipo natafuna mchanga. Hiyo setilaiti yako imepimwa macho?"

Wazee walicheka wiki nzima. Wakaniita Dada Vumbi. Nilicheka na mimi, maana lilikuwa kosa la kuchekesha. Nilikuwa sijajua kwamba kuna kosa lingine, la kimya, nalifanya kila siku na hakuna anayeliona.

Juu ya kila picha kuna saa imeandikwa kwa tarakimu, kwa mfano 11:20, na nyuma yake herufi Z. Saa za Kizungu tulifundishwa shule ya msingi: toa sita, unapata saa yetu. Kumi na moja toa sita, tano. Saa tano na dakika ishirini asubuhi. Hilo nililiweza, tena nilijivunia, kwa sababu Alhaji mwenyewe akisoma saa ya kompyuta huwa anahesabu kwa vidole. Ile Z sikuihangaikia.

Mwaka juzi kiangazi kilikuwa kikali. Kabla baba hajaondoka kwenda msituni alikaa kwenye kigoda nje, anafunga kamba kwenye ndoo zake, akaniita.

Lazima nieleze jambo moja kwanza. Warinaji wa huku wana kawaida ya kuchoma moto mapema. Mvua zikiisha tu, mwezi wa tano, majani yakiwa bado yana ubichi kidogo, wanakwenda wanachoma polepole kuzunguka mizinga yao. Ule moto ni mdogo, unatembea kama kuku. Ukija moto mkubwa wa mwisho wa kiangazi, unakuta hakuna cha kula, unapita pembeni. Mwaka ule, wakati wa kuchoma, baba alikuwa amelala hospitali na kifua. Alitoka akiwa amekonda, na majani yalikuwa yameshakauka.

"Juu kule mdogo wangu alichoma," akaniambia. "Bondeni hakufika. Bonde lote lina majani yanafika hapa." Akaonyesha shingoni. "Na njia ya kutokea inapita humo humo. Mwaka huu sina raha nalo, mama. Uniangalizie."

Baba ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Niliitikia kwa kujidai, "Baba, mimi nipo. Wewe kamua asali."

Waliondoka wawili, yeye na baba mdogo. Makubaliano yetu yalikuwa haya: kambini hakuna mtandao, lakini nyuma ya kambi kuna jabali, na ukipanda mpaka juu simu inashika. Kila siku saa kumi na moja jioni wangepanda, wanipigie. Siku tano za kwanza zilikuwa za mizaha. Baba mdogo alikuwa akinyang'anya simu: "Dada Vumbi, tunaonekana huko? Nimevaa shati la bluu." Nami namwambia, "Baba mdogo, nakuona, funga vifungo."

Siku ya sita, asubuhi, jua lilikuwa la kawaida. Alhaji alitoa mazulia yake nje ayapigepige. Mchana nikiwa natoa kopi za kitabu kizima cha mwalimu mmoja, niliona mwanga mle dukani umekuwa wa njano, kama wakati taa ya chemli inaishiwa mafuta. Nikatoka nje. Jua lilikuwa jekundu, unaweza kuliangalia bila kufumba macho. Vipande vya majivu vilikuwa vinashuka taratibu, vyeusi, vyembamba, vingine bado vina umbo la jani. Kimoja kilitua kwenye mkono wangu. Nilipokigusa kikawa unga.

Moshi wa mbali tumeuzoea. Lakini jani kuja na umbo lake mpaka mjini, hilo sikuwahi kuliona.

Nikarudi ndani nikafungua tovuti. Ilikuwepo picha ya asubuhi, yenye saa 07:50. Ilionyesha mstari wa vidoti upande wa mashariki wa msitu wa baba, vilima viwili kabla ya kufika kwenye bonde. Ya mchana ilikuwa haijaingia. Nikawa nafungua na kufunga, nafungua na kufunga. Kopi za mwalimu nilizipanga kichwa chini, akanisema, sikumsikia. Saa kumi na moja kasoro kidogo ndipo picha ya pili ikaingia. Saa yake 11:20.

Mstari wa vidoti ulikuwa umeruka kilima kimoja. Kilibaki kimoja tu, kisha bonde.

Nikachukua kalamu. Ile ya kwanza, toa sita, saa moja na dakika hamsini asubuhi. Ile ya pili, saa tano na dakika ishirini. Kwa hiyo kilima kimoja moto umekipita kwa masaa matatu na nusu. Kilima cha pili nacho masaa matatu na nusu, maana yake ulifika bondeni kwenye saa nane na dakika hamsini mchana. Sasa hivi ni saa kumi na moja. Bonde limeshaungua zamani, limebaki jeusi, limepoa. Na kila mtu wa kwetu anajua kwamba mahali palipoungua ndipo salama kuliko pote, moto hauli majivu.

Niliisahihisha hesabu mara mbili. Ilikuwa hesabu nzuri. Ningekuwa nimehesabu hivyo kwenye mtihani nisingekuwa natoa kopi.

Simu ikaita.

"Haloo? Unanisikia?" Sauti ya baba ilikuwa imekwaruza, na katikati ya maneno alikuwa anakohoa.

"Nakusikia, baba. Mko wapi?"

"Juu ya jabali. Hatuoni hata miti ya chini, moshi mtupu. Kifua kimenibana, mama. Maji yamebaki ya chupa moja. Hapa sitamaliza usiku." Akakohoa tena, muda mrefu. "Nataka tushuke bondeni tukatokee kijijini. Mpaka bondeni ni dakika arobaini na tano hivi. Sasa niambie wewe unayeona. Moto umeshapita bonde, au bado?"

Nyuma yake nilimsikia baba mdogo: "Mwambie atutumie na soda baridi, si yuko huko juu!"

"Umeshapita, baba," nikasema. "Tangu saa nane. Huko chini ni majivu tu, shukeni."

"Una uhakika?"

"Nimepiga hesabu."

Akanyamaza kidogo. Mpaka leo kile kimya nakijua urefu wake.

"Haya, mama. Tunashuka." Simu ikakatika.

Nilikaa pale nimeridhika. Niliona kama nimemshika baba mkono nikamvusha barabara. Nilifungua pakiti ya karanga, na hata nilianza kufikiria nitakavyomwambia yule kijana wa misitu.

Alhaji akaingia anajifuta majivu kwenye kofia. Akasimama nyuma yangu akaangalia kioo. Picha ilikuwa bado wazi, na moshi juu yake ulikuwa umetanda kutoka msituni mpaka umeifunika Mpanda yote.

"Loo. Yaani ndiyo sisi hawa? Tumefunikwa kama sufuria ya pilau. Hii ya saa ngapi?"

"Ya asubuhi, Alhaji. Saa tano na dakika ishirini."

"Saa tano ipi?"

"Ya leo."

"Acha masihara, binti. Saa tano mimi nilikuwa napiga mazulia yangu hapo nje na jua linawaka. Huu moshi umetukuta tunatoka msikitini, adhuhuri. Tena nilirudi mbio kuyaingiza, na moja limeshaharibika, njoo ulione." Akaelekea mlangoni. "Hiyo mashine yako inakudanganya."

Niliirudisha karanga kwenye pakiti.

Alikuwa anasema kweli. Saa tano nilikuwa natoa kopi na mwanga ulikuwa mweupe. Moshi ulikuja mchana. Basi picha yenye moshi juu ya mji haiwezi kuwa ya saa tano.

Nikampigia kijana wa misitu.

"Ile Z nyuma ya saa, ina maana gani?"

"Ile? Ni saa ya kule Uingereza, ndiyo wanayotumia setilaiti zote. Sisi tuko mbele yao masaa matatu. Ongeza matatu kwanza, ndiyo ugeuze kwenda saa ya Kiswahili. Kwani vipi?"

Nilikuwa naongeza matatu. Picha ilikuwa ya saa nane na dakika ishirini, si saa tano. Moto ulikuwa na kilima kimoja mbele yake tangu saa nane na dakika ishirini. Masaa matatu na nusu. Ungefika bondeni saa kumi na moja na dakika hamsini.

Saa ya ukutani ilisema kumi na moja na robo. Baba alikuwa ameshatembea robo saa. Kwa mwendo ule, yeye na moto wangefika kwenye majani yale ya shingoni kwa wakati mmoja.

Nilimpigia. Hapatikani. Nilimpigia tena. Nilijua kabisa kwamba akishashuka jabalini hapatikani, lakini nilipiga mpaka Alhaji akarudi kuona ninalia nini. Nikamweleza, maneno yanapishana. Hakunilaumu. Alitoa simu yake akampigia mteja wake mmoja wa ndoo aliyeko Sibwesa, akaweka sauti kubwa ili na mimi nisikie.

"Alhaji, huko hakuendeki," yule mtu akasema. "Tunaona mwanga mwekundu tu nyuma ya vilima. Kunaunguruma, kama lori linapanda."

"Bondeni je? Bondeni kumeshapita?"

"Kupita wapi! Ndiyo kwanza unaingia."

Alhaji akazima simu. Adhana ya magharibi ilipofika akasimama, akaniambia, "Funga duka, nenda kwa mama yako. Mimi nakwenda kumwombea." Hakuniita mama mkurugenzi siku ile.

Nyumbani mama alikuwa anapepeta mchele. Aliniuliza bila kuinua kichwa, "Wamepiga?"

"Wamepiga."

"Wanasemaje?"

"Wazima. Wanashuka."

"Afadhali. Huu moshi umenitia wasiwasi." Akapuliza makapi. "Basi kesho tutakula asali. Mbona umesimama? Chota maji."

Nilichota maji. Sikuweza kumwambia. Nilisema moyoni kwamba namhurumia, asiumie bure, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa uso wake. Usiku ule nauruka, sina cha kuuandikia. Niliuhesabu kwa kikohozi cha jirani na hakuna kingine.

Asubuhi nilikwenda kazini mapema kuliko Alhaji, nikakaa kwenye ngazi ya duka na simu mapajani. Moshi ulikuwa umelala chini mtaani, watu wa bodaboda wamejifunga vitambaa puani. Nikawa namfikiria baba kwa vitu vidogo vidogo. Jinsi anavyofunga kamba mara mbili. Jinsi anavyonusa asali kabla ya kuionja. Nilijiuliza kama ile "haya, mama" ndiyo itakuwa ya mwisho, na kama ni mimi mwenyewe niliyempa njia ya kwenda.

Saa mbili na nusu ikaita namba nisiyoijua. Niliiangalia ikiita. Nilikuwa naogopa kuipokea, kwa sababu habari mbaya kwetu huja kwa namba ngeni.

"Haloo," mtu akasema, na akakohoa.

Ni kile kikohozi nilichokijua kwanza. Sauti ilikuja baadaye.

"Baba?"

"Simu yangu imeyeyuka, mama. Natumia ya mtu hapa Sibwesa. Mwambie mama yako sina nyusi, asije akashtuka."

Nililia kwa sauti pale ngazini mpaka dereva wa bodaboda akasimamisha pikipiki akauliza, "Dada, msiba?" Nikamwambia hapana. Akaniangalia kama mtu anayefikiria mara mbili, akaondoka.

Walirudi kesho yake. Nyumba ilijaa watu, na baba mdogo ndiye aliyesimulia, amesimama, mikono hewani. Walikuwa wameshuka zaidi ya nusu ya njia. Wakasikia vishindo, wakakutana na ngiri wanakuja mbio, mama na watoto, mikia juu, wanatokea kule kule bondeni walikokuwa wanakwenda. Nyuma ya ngiri, swala. Wanyama walipita karibu hata hawakuwaangalia.

"Nikamwambia kaka, simama. Kama huko kumeshaungua, hawa wanakimbia nini?"

Kurudi jabalini kulikuwa mbali, na kifua cha baba kilikuwa kimekataa kupanda. Wakafanya lile la mwezi wa tano. Baba akatoa kiberiti chake cha kufukizia nyuki, wakawasha majani mbele yao wenyewe, upepo ukauchukua moto huo mbali nao, na kipande kile kilipokwisha kuungua wakaingia humo, wakalala kifudifudi juu ya majivu ya moto na shuka moja juu ya vichwa. Moto mkubwa ulipita kushoto na kulia.

"Niliungua magoti kama muumini," baba mdogo akasema, na watu wakacheka. "Lakini nawaambia nyie, bila huyu Dada Vumbi tusingekuwepo. Kambi imeteketea yote! Yeye ndiye alitutoa. Kaona toka mjini, kasema shukeni, tukashuka. Huyu mtoto apewe kazi serikalini!"

Watu wakanipigia makofi. Mama akanikumbatia mbele ya wote. Mama mkubwa, aliyekuja kutoka Usevya kwa basi, akasema kumbe ile setilaiti imeshapata miwani. Nilitabasamu. Nilihisi kama nimevaa nguo ya mtu mwingine na mwenyewe yuko mlangoni anakuja kuidai. Baba hakupiga makofi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, uso laini bila nyusi, ananiangalia.

Nilivumilia siku nne. Siku ya tano alikuja dukani kununua vocha, nikamvutia kiti. Nikafungua picha mpya. Moshi ulikuwa umeisha, na mahali pa msitu wake palikuwa na doa jeusi refu, kama mtu amepangusa ardhi kwa kitambaa cha masizi.

Aliliangalia muda mrefu. Akaweka kidole, kile chenye kucha iliyokufa, juu ya kioo. "Hili ndilo bonde?"

"Ndiyo."

"Mizinga ya bondeni yote humu." Akasogeza kidole. "Na sisi tulikuwa hapa. Kama hapa hivi. Mbona hatuonekani?"

"Hamuwezi kuonekana, baba. Ni mbali sana. Mtu haonekani."

"Hata wakati ule hukutuona?"

"Sikuwaona hata siku moja. Nilikuwa namtania tu baba mdogo." Na hapo ndipo nilipoangua kilio. Nikamwambia yote: ile Z, masaa matatu, hesabu yangu nzuri, mazulia ya Alhaji. Nikamwambia kwamba wakati nasema umeshapita, ulikuwa unakuja, na kwamba waliomwokoa ni ngiri na kiberiti, si mimi. "Mimi nilikupeleka kwenye moto, baba."

Mashine ya kopi ilikuwa inaunguruma bure. Baba aliinuka akaizima mwenyewe, sijui alijuaje kitufe.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Nilijua kuna kitu kimekosewa. Ngiri hawakosei." Akakaa tena. "Sikujua ni masaa. Nilidhani labda hukuona vizuri ukaona aibu kusema hujui."

Hilo lilinichoma kuliko kama angenipiga kofi. Kwa sababu, nikijiuliza kwa haki, hata hilo lilikuwepo. Kwenye kile kimya chake cha kwenye simu, aliponiuliza kama nina uhakika, kulikuwa na nafasi ya kusema sijui. Sikuitumia. Nilitaka kuwa yule wa chumba chenye baridi anayenyoosha kidole.

"Nitatoka kwenye kundi," nikasema.

"Utoke uende wapi?" Akafikicha mahali nyusi zilipokuwa. "Wale wazee macho yao ni wewe. Ila tubadilishe kazi. Wewe uniambie umeona nini, na saa ya kweli ulipokiona. Njia nitaitafuta mwenyewe. Mimi nipo pale, nina pua."

Kisha akaniomba nimwonyeshe Usevya, na Mwese, na nyumba yetu, ambayo nayo haionekani.

Siku hizi juu ya kioo nimebandika karatasi: ONGEZA TATU KWANZA. Natuma bado kila jioni, lakini sauti yangu imebadilika, hata mama mkubwa amesema nimekuwa kama msomaji wa taarifa ya habari. Baba mdogo bado anamsimulia kila mgeni jinsi nilivyowatoa, na baba hajawahi kumsahihisha. Nilipotaka kumwambia ukweli mwenyewe, baba aliniziba mdomo kwa mkono, "Mwache, ameungua magoti bure?"

Kiangazi hiki wamekwenda tena. Bonde wamelichoma mapema, wote wawili, mwezi wa tano, lakini hilo halinitoshi. Ikikaribia saa kumi na moja nahesabu tena kwa vidole. Jana kulikuwa na vidoti vitatu upande wa mashariki, na moshi mwembamba. Simu ikaita.

"Haya, mama. Niambie."

"Picha ya saa nane na dakika kumi mchana, baba. Vidoti vitatu, vilima vitatu kutoka kwako, mashariki. Sasa hivi ni saa kumi na moja na dakika mbili. Tangu hapo sijui."

"Hujui."

"Sijui, baba."

"Vizuri. Subiri ninuse."

Nikasubiri. Nilisikia upepo ukipiga kwenye simu, na pumzi yake ikiingia puani taratibu, ndefu, na mimi huku Mpanda nikawa nimezuia ya kwangu.